Jino la Kuziba

Tulipokuwa vijana, jino likituuma hatukujua dawa ila koleo, na mapengo matatu kinywani mwetu yashuhudia hata leo. Basi gego jingine lilipotoboka tukaazimu kuliziba. Walakini tukataka dawa nyeupe, maana mwalimu husimama mbele ya watu, naye hapendi waone weusi akifungua kinywa. Mganga wa meno alituonya: "Mwalimu, tundu hili limeshuka chini ya ufizi. Mate na damu havikomi hapo, na dawa hii yataka jino kavu." Sisi tukashikilia neno letu. Kabla ya mwaka kwisha jino likaoza tena chini ya kizibo, na usiku hatukulala.

Tukarudi kwa haya, pamoja na binti yetu wa miaka tisa, naye ana tundu lake. Safari hii tulisikiliza. Ile nyeupe ni utomvu uliochanganywa na chembe za kioo, nao hugandishwa kwa mwanga wa buluu. Wafaa mno meno ya mbele, na magego pia, mradi yakaushwe vema. Ile ya rangi ya fedha, karibu nusu yake ni zebaki, na iliyobaki hasa ni fedha, bati na shaba. Hustahimili kutafuna miaka mingi, wala haisumbuliwi sana na unyevu. Lakini kwa sababu ya sumu ya zebaki, mataifa yalipatana mwaka 2013, katika Mapatano ya Minamata, kuipunguza. Na mwaka 2022 wakaongeza kwamba wasitiwe watoto walio chini ya miaka 15, wala wanawake wenye mimba au wanyonyeshao, ila mganga akiona ni lazima.

Kwa binti, basi, alichagua simenti ya kioo. Hiyo hushikamana na jino hata lenye unyevu kidogo, tena hutoa floridi, ingawa huchakaa upesi. Alikwangua uozo kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine wala sindano. Njia hiyo ilianzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, ifae hata mahali pasipo umeme. Mtoto hakulia. Mama yake, aliyekuja tayari kumshika mikono, alikaa akitazama dirishani.

Gego letu lilikuwa limeoza hata mshipani, likang'olewa. Mganga akatuonyesha: kizibo cheupe kilikuwa kingali kizima, kizuri kabisa, juu ya jino bovu. Tukakifunga katika karatasi, tukaenda nacho nyumbani.