Meno ya Kara-Djigach

"Historia na meno wapi na wapi, mjomba?" Mpwa wangu anasomea historia chuo kikuu. Kwake historia ni nyaraka, na Kifo Cheusi, ile tauni ya kale, ni habari ya Ulaya. Swali lake liliniuma, maana ndivyo tulivyofundishwa sisi pia.

Pasipoti yangu ya zamani inasema nilifika Leningrad Septemba 1979. Na iwe hivyo. Wanafunzi wa Kiafrika tuliizoea Kunstkamera, makumbusho ya kando ya mto Neva, kwa sababu ndimo alimofanyia kazi Profesa Olderogge, msimamizi wa kamusi ya Kiswahili na Kirusi ya 1961. Ukiingia tu, ulipokewa na harufu ya nta ya sakafu, naftalini na makoti yaliyolowa theluji. Mama aliyetunza makoti hayo alinimiminia chai kutoka kwenye chupa yake, akinieleza nani anafanya nini chumba gani: hawa wa Afrika, wale wa Asia, kule wa mifupa. Alisikitika kwamba hawakai meza moja.

Humo ndimo yalimohifadhiwa mafuvu ya Wakristo wa Kara-Djigach na Burana, karibu na ziwa Issyk-Kul, Kirgizistani ya leo, yaliyochimbwa kati ya 1885 na 1892. Mawe ya makaburi yao yalikwisha kusomwa na msomi Daniil Khvolson. Kati ya mawe 467 yenye tarehe, 118 ni ya miaka miwili tu, 1338 na 1339, na machache yanasema kwa Kisiria kwamba marehemu alikufa kwa tauni. Msomaji wa mawe alibaki na mawe yake, wa mifupa na mifupa yake.

Nikarudi nyumbani kufundisha. Leningrad ikabadili jina. Mwaka 2022 mwanahistoria Philip Slavin na wataalamu wa vinasaba, Maria Spyrou na Johannes Krause, wakakaa meza moja, wakatangaza tauni hiyo ilikuwa ipi. Walipima meno ya watu saba waliozikwa kule. Watatu walikuwa na bakteria wa tauni, wa ukoo uliotangulia ule wa Kifo Cheusi, ulioingia Ulaya miaka michache baadaye.

Chuoni kwa mpwa wangu, mwanafunzi wa historia bado haruhusiwi kuchukua somo hata moja la baiolojia. Wakuu wa idara, nawaomba muiondoe kanuni hiyo.