Shingo ya Twiga na Maneno ya Mtaani

Ukiingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha, chini ya Mlima Meru, utawakuta twiga wakila majani ya juu kama watu wasiodaiwa. Wengi hudhani shingo ile ina mifupa mingi kuliko yetu. Wapi! Pingili zake ni saba, sawa na zako wewe unayesoma. Tofauti ni urefu wa kila pingili.

Mwaka 2016, Morris Agaba na Edson Ishengoma, wa Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko hapa kwetu Tengeru, walichapisha pamoja na wenzao jenomu ya twiga. Waliilinganisha na ya okapi, ndugu yake wa misitu ya Kongo, wakaona jeni 70 zenye dalili za kubadilika kwa namna ya pekee. Baadhi ya hizo huongoza ukuaji wa mifupa. Maana mifupa yetu mingi huanza tumboni kama gegedu, kitu laini kama ncha ya pua. Jeni moja huwasha nyingine, nyingine huzima, na kwa zamu hizo gegedu hurefuka na kugeuka mfupa.

Jeni mojawapo inaitwa FGFRL1. Jina hilo lilinishtua, kwani ndugu yake, FGFR3, nilishamkuta kwenye karatasi za hospitali za mtoto wa dada yangu. FGFR3 ni breki ya gegedu. Kwa mpwa wangu breki imeng'ang'ania: mikono na miguu ni mifupi, akili ni wembe.

Mtaani wana maelezo yao. Eti dada alimcheka mtu mfupi akiwa mjamzito. Shemeji ameanza kuyasikiliza, na siku hizi anachelewa kurudi nyumbani.

Mwaka 2021 watafiti walitangaza kuwa wamewawekea panya FGFRL1 ya aina ya twiga. Mifupa ikawa imara zaidi, shingo hazikurefuka. Kurefusha ni kazi ya wengi. Kufupisha, breki moja inatosha. Watoto wanane hivi kati ya kumi wenye hali ya mpwa wangu huzaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida. Badiliko huwa jipya, la herufi moja tu, na karibu kila mara hutokea katika mbegu ya baba, bila yeye kukosea lolote.

Bila yeye kukosea. Wala mama.

Shemeji husoma kila ninachoandika, ingawa hasemi. Hii naye ataisoma.