Breki za Jumamosi, Breki za Jumatatu

Raundi ya nne mguu wangu ulikanyaga hewa.

Nilikuwa natoka kwenye ule mnyoosho mrefu wa kiwanja kidogo cha ndege kilichokodishwa kwa siku moja, spidi 120 na kidogo, nikakanyaga breki palepale nilipokanyaga raundi tatu zilizotangulia. Kanyagio likashuka. Halikunikatalia kama breki inavyomkatalia mtu. Likaenda tu mpaka likagusa kapeti. Nikapampu mara moja, mara mbili, na mara ya tatu nikapata kitu, lakini wakati huo koni zilikuwa zimeshapita chini ya bampa na gari lilikuwa kwenye nyasi, limegeukia nilikotoka.

Hakuna aliyeumia. Vijana walicheka, wakachomoa koni moja iliyokuwa imekwama, mmoja akaniambia, "Pole siz, hizo breki zako ni za kwenda Naivas." Nikacheka nao. Nilikuwa natetemeka magoti. Baada ya nusu saa nilikanyaga tena nikiwa nimeegesha, na kanyagio lilikuwa limerudi, laini kidogo, kana kwamba hakuna kilichotokea. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Jumatatu, kwa gari lilo hilo, nilikuwa nampeleka binti yangu shule.

Gari lenyewe ni Impreza ya 2003. Nililinunua likiwa limeshapita mikononi mwa watu watatu, na kila mmoja alikuwa ameongeza nguvu ya injini na kupuuza mengine yote. Mimi pia nilifanya hivyo hivyo. Ukisikiliza watu wa Subaru wakiongea, ni tabo, ni ekzosi, ni pawa. Hutasikia mtu akijisifu kwamba amebadilisha mafuta ya breki.

Jumapili nilienda Kikuyu kwa Baba. Aliendesha trela kati ya Mombasa na Malaba miaka ishirini na sita, na tangu astaafu hataki kuendeshwa na mtu yeyote, hata mimi. Nilimweleza juu juu, nikiruka sehemu ya nyasi. Hakuuliza spidi. Aliuliza jambo moja tu.

"Mguu ulienda chini, ama ulibaki juu na gari likakataa kusimama?"

"Ulienda chini, Baba."

"Basi si padi. Umechemsha mafuta."

Nilikuwa sijui kwamba breki hufeli kwa njia mbili, na kwamba mguu ndio unaokwambia ni ipi. Padi zikizidiwa na moto, kanyagio hubaki gumu, unakanyaga kwa nguvu zako zote na gari linateleza tu, kwa sababu padi haishiki diski tena. Lakini mafuta yakichemka hugeuka mvuke. Mafuta hayabonyezeki, mvuke unabonyezeka. Unachokanyaga ni mapovu.

Na mafuta ya breki yana tabia moja mbaya: yanavuta unyevu kutoka hewani, polepole, mwaka baada ya mwaka, kupitia kwenye hozi na kifuniko. DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230. Ikishavuta maji yake, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155. Ya gari langu ilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Sikuwa nimeibadilisha tangu ninunue gari, na sidhani waliotangulia waliibadilisha.

Usiku huo nilikaa na kikokotoo. Gari langu pamoja nami na tangi nusu ni kama kilo 1,400. Kulipunguza kutoka 120 hadi 60 ni kugeuza kilojuli zaidi ya 580 kuwa joto, ndani ya sekunde chache. Nilipojaribu kuielewa hesabu hiyo kwa mambo ya nyumbani, nilipata hivi: joto hilo linatosha kuchemsha zaidi ya lita moja na nusu ya maji baridi ya bomba. Sufuria nzima ya chai ya wageni, kila kona. Na sehemu kubwa ya joto hilo inaingia kwenye vipande viwili vya chuma vilivyo mbele, halafu kona nyingine inafika kabla havijapoa.

Kwa hivyo nikaingia mjini kununua.

Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, utapata kila kitu cha gari isipokuwa utulivu. Duka la kwanza kijana aliniuliza, "Madam, umetumwa na nani? Mpigie fundi niongee naye." Nikamwambia fundi ni mimi. Akaniangalia, akaniletea boksi. "Hii ni orijino kabisa, 3,500." Boksi lilikuwa zuri. Jina la kampuni kubwa lilikuwa limeandikwa vizuri, ila herufi moja ilikuwa imepotea. Nilitoa padi nikatafuta herufi mbili ambazo padi nyingi hupigwa muhuri ubavuni. Ya kwanza inaeleza jinsi padi inavyoshika ikiwa baridi kiasi, ya pili ikiwa ya moto. F ni msuguano wa kati ya 0.35 na 0.45, E iko chini yake, G juu yake. Padi ile haikuwa na herufi yoyote. Nikairudisha. "Zote ziko hivyo, madam," akasema, na huenda katika duka lake alisema kweli.

Duka la pili nilipata za seramiki, 9,000. Muuzaji alikuwa mzee mtaratibu, akaniuliza gari linafanya kazi gani. Nilipomweleza, akazirudisha yeye mwenyewe. "Hizi ni za mtu wa ofisi," alisema. Hazipigi kelele, hazichafui rimu, zinadumu. Ila zikipata moto wa kweli, zinachoka mapema. Sijasahau kwamba aliacha kuniuzia kitu nilichokuwa tayari kulipia.

Upande mwingine kulikuwa na padi za mbio halisi, za kuagiza. Rafiki yangu anayeshindana alikuwa nazo. Bei ilikuwa 32,000 za mbele peke yake, na nilikuwa nimeanza kujishawishi. Usalama hauna bei, si ndivyo tunavyosema tunapotaka kununua kitu? Lakini rafiki huyo alinipa gari lake nizunguke mtaa mmoja, asubuhi, kabla ya jua. Nilipokanyaga breki karibu na bampu la kwanza, gari lilichelewa. Lilisimama, lakini kwa kusitasita, kama mtu aliyeamshwa. Padi za aina hiyo zinataka joto ndipo zishike. Kwenye mbio zinalipata baada ya kona mbili. Kwenye lango la shule, saa moja asubuhi, mtoto akikimbilia chupa yake ya maji iliyoviringika barabarani, hakuna kona mbili.

Hapo ndipo nilipoona kwamba sikuwa nanunua padi. Nilikuwa najibu swali kuhusu gari hili ni la nani. Mwezi una Jumamosi moja yangu, pengine. Siku nyingine zote ni za Jumatatu.

Nilirudi kwa Baba na diski mbili za zamani kwenye gunia, nikitaka anitazamie. Alikaa kwenye kiti chake nje, akaweka moja mapajani, akapitisha kidole gumba kutoka katikati kwenda ukingoni. Kilikwama kwenye ukingo uliobaki ambapo padi haifiki. "Imekwisha hii," alisema. Nilipima: milimita 22.3. Zikiwa mpya ni 24, na kikomo kilichopigwa muhuri kwenye chuma chenyewe ni 22. Diski nyembamba ina chuma kidogo cha kubeba lile joto. Sufuria imepungua, moto ni uleule.

Nikamwonyesha kwenye simu zile nilizozitamani, zenye matundu. Zinapendeza mno nyuma ya rimu. Aliuliza matundu ni ya nini. Nikasema ya kupoza, na ya kutoa gesi ya padi. Akanyamaza, akasema, "Sahani ukiitoboa, itapasukia wapi?" Hajawahi kusoma kitabu cha breki, lakini ndivyo ilivyo: moto na baridi zikipishana mara nyingi, nyufa hupenda kuanzia kwenye matundu. Za mifereji ni afadhali, inakwangua uso wa padi na kuutoa uchafu, ila padi inaliwa haraka. Za kawaida, zenye nafasi ya hewa katikati, zina chuma kingi zaidi na bei ndogo zaidi. Nilichukua za kawaida.

Halafu Baba akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia.

Kuna asubuhi moja alikunywa chai Mau Summit na dereva mwingine, wote wakielekea Nakuru. Baba alitangulia. Alikuwa akiteremka Sachangwan kwa gia ambayo angeipandia, kama alivyofundishwa, pole pole, magari madogo yakimpigia honi. Kwenye kioo aliona taa zikiwaka kamili, akasikia honi isiyokatika. Yule mwenzake alimpita upande wa kulia, mikono yote kwenye usukani. Hakumwangalia. Harufu ya breki ilibaki barabarani nyuma yake. Baba alimkuta tena kabla ya kufika Salgaa, na hapo hakuniambia alichokikuta, ila alisema chupa yake ya chai ilikuwa haijavunjika.

"Alikuwa ameweka fri," alisema. "Kuokoa dizeli kidogo. Akaegemea breki mlima mzima. Ngoma ikipata moto inapanuka, inakimbia viatu vyake. Unakanyaga, hakuna."

Nikamwambia langu ni diski, si ngoma, halipanuki hivyo.

"Najua. Lakini moto ni moto. Wewe uliruka sehemu ya nyasi uliponieleza."

Sikuuliza alijuaje. Nadhani kuna nyasi zilikuwa zimeshikamana chini ya bampa.

Nilichochagua mwishowe ni hiki, na nakiandika kwa sababu mimi nilikitafuta siku nyingi nikiwa nimezungukwa na watu wenye uhakika. Diski mpya za kawaida mbele. Padi za kati, zile wanazoziita za barabara ya kasi: zinashika zikiwa baridi, zinavumilia moto zaidi ya seramiki, zinatoa vumbi jeusi na zinalia kidogo. Zilinigharimu 16,500. Mafuta mapya ya DOT 5.1, ambayo yakiwa mapya yanahimili nyuzi 260 na yakivuta unyevu 180. Hapa pana mtego: DOT 5 bila ile pointi moja ni silikoni, haichanganywi na haya kamwe, na nimeona makopo yote mawili yakikaa rafu moja. Tulibadilisha mafuta yote, gurudumu baada ya gurudumu, Baba akikanyaga na mimi nikiwa chini na chupa na mpira. "Kanyaga." "Nimekanyaga." "Achia." Ilichukua saa nzima. Ya zamani yalitoka kama maji ya kuoshea sufuria.

Padi mpya hazipelekwi mbio moja kwa moja. Jumapili alfajiri, barabara ikiwa tupu na hakuna mtu nyuma, nilizizoesha: kutoka 80 hadi 20, bila kusimama kabisa, mara nane, kila mara nikikanyaga kwa nguvu zaidi kidogo. Kisha dakika kumi na tano za kwenda tu ili zipoe. Ukisimama nazo za moto na mguu ukiwa juu ya breki, zinaacha alama ya padi mahali pamoja kwenye diski, na baadaye usukani unatetemeka na fundi anakwambia diski imepinda. Mara nyingi haijapinda. Imepakwa vibaya.

Nilirudi kwenye kiwanja kile mwezi uliofuata. Raundi tatu, halafu moja ya taratibu bila kugusa breki karibu kabisa, ili upepo ufanye kazi yake. Raundi tatu tena. Breki nilianza kuzikanyaga mapema kuliko vijana wale, na nilishuka gia kabla ya kona. Muda wangu haukuwa wa kuandika nyumbani. Lakini kila mara nilipokanyaga, kitu kilinikatalia.

Jumatatu tulipofika lango la shule padi zikalia, mlio mwembamba wa aibu, na askari wa lango akageuka. Binti yangu alijishusha kwenye kiti. "Mum, gari letu linalia."

Nikamwambia ni sawa, linalia ndiyo lisimame. Jioni nilimpigia Baba kumweleza kwamba tutakuja Jumamosi. Nikamwuliza kama tunaweza kumpitia, tushuke naye Mai Mahiu mpaka Naivasha tukale samaki.

Alikaa kimya kidogo kwenye simu.

"Utashuka na gia gani?" aliuliza.

"Ile ningepandia."

"Basi pitieni mapema," alisema. "Kabla ya malori."