Karatasi Isiyo na Herufi

Ashikaye barabara ya Shinyanga katika njia panda ya Usagara, akawaacha wengine waelekee Kigongo na Sengerema, haendi mbali kabla ya kufika Misungwi, ilipo shule ya msingi ya Mitindo. Huko watoto wasioona hufundishwa kusoma kwa ncha za vidole, kwa nukta sita alizozipanga Louis Braille mwaka 1824 akiwa kijana wa miaka 15. Mtoto ajuaye nukta zake ni msomaji kamili. Haazimi jicho la mtu.

Mashaka humngoja chuo kikuu. Kitabu kimoja cha kawaida, kikitiwa nukta, huwa mafungu kadhaa ya karatasi nene, wala si kila somo lina kitabu cha namna hiyo. Kwa hiyo kompyuta ilipopata sauti isomayo skrini, wengi walidhani taabu imekwisha. Programu ya NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Mwaustralia asiyeona, hutolewa bure, na yaweza kusoma hata Kiswahili, ingawa kwa sauti kavu kama ya karani asomaye hati ya mashtaka.

Lakini na afikiriwe mwanafunzi apelekewaye sura ya kitabu na mwalimu wake. Mwalimu amezipiga picha kurasa 40 na kuzituma kwa simu. Wenye macho huzisoma. Yeye huifungua faili, na mashine humwambia: picha. Ukurasa wa pili: picha. Ndivyo hata mwisho. Hapana herufi pale, ila sura ya herufi, kama sangara aliyechorwa ukutani mbele ya mwenye njaa.

Sheria haikukosekana. Tanzania ilipata sheria ya watu wenye ulemavu mwaka 2010, na mwaka 2020 ikajiunga na Mkataba wa Marrakesh, ambao huondoa kizuizi cha hakimiliki ili vitabu vinakiliwe kwa namna isomekayo na wasioona. Kilichokosekana ni saa moja au mbili za mwalimu: kuzipitisha picha katika programu itambuayo herufi, kusahihisha makosa yake, kueleza michoro kwa maneno, na kuitaja lugha ya maandishi ili sauti ya Kiingereza isiutafune Kiswahili.

Saa hizo asipozitoa mwalimu, hutolewa na mwingine. Mwenzake wa chumbani humsomea usiku, naye amechoka, na mtihani wake mwenyewe u karibu. Huruka maneno magumu; hupiga miayo. Asomewaye huisikia miayo ile, asithubutu kusema "rudia hapo", kwa kuwa amekwisha kusema mara tatu. Huenda kulala na nusu ya maana, na kesho yake darasani hudhaniwa mvivu. Urafiki wao, ulioanza kwa kupendana tu, sasa una daftari la madeni ambalo hakuna aliandikaye na wote wawili hulisoma.

Faili iliyotengenezwa vema haipigi miayo. Mtu aweza kuirudisha nyuma mara kumi, ndani ya daladala itokayo Usagara, pasipo kumwomba radhi abiria ye yote.