Twende Kolwezi, au Tukae?

Kwa muda wa miezi mitatu nyumba yetu ya Katuba, hapa Lubumbashi, imekuwa kama baraza la wazee. Kila jioni, watoto wakiisha kula bukari na kwenda kulala, sisi wawili twabaki mezani na daftari moja la shule. Ukurasa wa kushoto tumeuandika "Kwenda", ukurasa wa kulia "Kukaa". Twasema "sisi" kwa kuwa neno hili twalibeba wawili, mume na mke, wala hapana mmoja atakayejitwalia sifa au lawama yake peke yake.

Jambo lenyewe ni hili. Mmoja wetu ni fundi wa magari makubwa, mwenzake ni mwalimu wa shule ya msingi. Baada ya Noeli kampuni moja ya Kolwezi ilimwita fundi, ikamwahidi mshahara upitao mara tatu apatacho hapa kwa kufungua injini za watu, pamoja na matibabu ya jamaa nzima. Mkataba ni wa mwaka mmoja, nao waweza kuandikwa tena. Kolwezi si mwisho wa dunia: ni kilometa kama 300, na barabara ni ya lami, wapita Likasi na Fungurume.

Ukurasa wa kushoto ulijaa upesi. Mshahara. Matibabu. Karo ya mtoto mkubwa, ambaye walimu wake wamsifu kwa hesabu. Tena wajomba wa mke ni Wasanga wa upande wa Lualaba, wana mashamba ya mihogo, na mtu mwenye wajomba karibu halali njaa.

Ukurasa wa kulia ulikwenda polepole, kwa maana mambo yake hayahesabiki vema. Nyumba yetu ya Katuba tuliijenga kwa miaka kumi na mmoja, tofali kwa tofali. Huko Kolwezi tutapanga, na kodi huko hudaiwa kwa dola. Unga wa mahindi utokao Zambia kupitia Kasumbalesa huja Lubumbashi kwanza, ndipo uendelee na safari, na kila kilometa huongeza bei. Mwalimu naye aogopa kwamba jina lake likitoka katika orodha ya mishahara ya mkoa huu, laweza kuchelewa sana kabla ya kuonekana katika ule mwingine. Tangu mwaka 2015 Katanga ya zamani imegawanyika mikoa minne. Kolwezi ni mji mkuu wa Lualaba, nasi tu watu wa Haut-Katanga.

Halafu kuna shaba yenyewe, na ndugu yake kobalti. Nchi yetu hutoa karibu robo tatu ya kobalti yote ichimbwayo duniani, na sehemu kubwa hutoka kandokando ya Kolwezi. Mtu akisikia hivyo hudhani kazi haitakwisha. Lakini sisi tu watoto wa mji wa shaba. Wazee wetu waliona bei ya shaba ikianguka katika miaka ya 1970. Waliona mgodi wa Kamoto ukibomoka mwaka 1990. Mwishoni mwa mwaka 2008, fedha za dunia zilipotikisika, viwanda vingi vya Katanga vilifungwa kwa majuma machache, na wengine waliovijenga wakaondoka bila kuaga. Na mwezi wa Februari mwaka 2025 serikali yetu ilizuia kobalti isiuzwe nje, kwa sababu bei ilikuwa imeshuka mno. Katazo hilo lilidumu mpaka Oktoba, ndipo ukawekwa mpango wa kila kampuni kupewa kiasi chake. Huenda serikali ilikuwa na haki. Lakini fundi aliye na mkataba wa mwaka mmoja husoma habari kama hizo kwa jicho jingine.

Hayo yote tungeyapima kama watu wapimavyo chumvi sokoni, tukamaliza. Lililotuzuia ni jingine.

Fundi alizaliwa Kolwezi. Baba yake alitoka Kasai kijana, akafanya kazi ya migodi, akaoa, akapata watoto sita katika nyumba ya kampuni. Mwaka 1992 wanasiasa walianza kuwaita watu wa Kasai "bilulu", yaani wadudu. Ghasia zilianza Likasi, na Machi 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Mamia ya maelfu ya watu walitolewa Katanga katika miaka ile, wengi wao wazaliwa wa hapa, waliojua Kasai kwa hadithi tu. Walikaa kwenye stesheni majuma na miezi, wakingoja gari la moshi la kwenda Mwene-Ditu na Kananga, na maradhi yaliwaua watoto wengi pale pale kando ya reli. Baba hakungoja treni. Aliwaficha watu wake katika lori la magunia, wakaja kwa ndugu yao Lubumbashi, ambako mambo hayakufika kiasi kile. Fundi alikuwa na miaka 12.

Mwalimu naye alikuwa na miaka 9, huko Likasi. Yeye hakufukuzwa, ni mtoto wa nchi. Aliwaona jirani zake wakiuza vyombo vyao kwa bei ya bure, na baba yake mwenyewe akanunua kabati. Kabati hilo lipo hata leo nyumbani kwa wazee wake. Tumeoana miaka 19, nasi hatujapata kulitaja mbele ya Mama.

Mama ni yule aliyetoka Kolwezi katika lori lile. Anakaa nasi, watoto wamwita Kaku. Tulipomweleza habari ya kampuni hakusema ndiyo wala la. Alisema, "Nipelekeni kwanza niione."

Basi tulikwenda, Jumamosi moja ya mvua, sisi wawili na Kaku. Mtaa ulikuwapo, ila vumbi jekundu limegeuza rangi ya kila ukuta, na mahali palipokuwa na uwanja wa mpira sasa ni ua wa malori. Nyumba tuliitambua kwa kulabu ya chuma ukutani mwa jiko, ambayo Baba aliipigilia ili atundike baiskeli yake. Mama mwenye nyumba alishangaa, lakini alileta kiti na maji kabla ya kuuliza sisi ni nani. Tulipomwambia, alinyamaza kidogo, ndipo akatuonyesha nyufa. Alisema baruti za machimbo hutikisa kuta, na baadhi ya jirani zake wamekwisha kuambiwa wahame, kwa maana shimo lasogea. Hajui zamu yake itakuwa lini.

Tulidhani Kaku atalia. Hakulia. Alimshika mama yule mkono, akamwambia, "Mwanangu, karatasi zako zote ziweke katika mfuko mmoja, uutundike karibu na mlango. Mimi nilitafuta karatasi usiku, nikaacha picha za watoto." Wakaongea hivyo karibu saa nzima, wanawake wawili wa nyumba moja, nasi tukaketi kimya.

Njiani kurudi, mmoja wetu alileta shauri jepesi: fundi aende peke yake mwaka huu, awe akirudi mwisho wa mwezi. Wengi hufanya hivyo. Twakiri kwamba shauri hilo lilitupendeza mpaka Likasi. Padre wetu, tulipomwuliza baada ya Misa, hakutuhubiria; aliuliza tu tunajua jamaa ngapi zilizoishi hivyo miaka mitatu zikabaki jamaa moja. Tulihesabu kwa vidole, tukapata mbili. Hata Union Minière ilijifunza jambo hili zamani. Mwanzo ilileta wanaume peke yao kwa mikataba mifupi, nao wakafa kwa maradhi au wakatoroka. Ndipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 ikakaribisha wake na watoto kambini, ikatoa posho kwa jamaa nzima, na wamisionari wakashika shule. Haikufanya hivyo kwa upendo tu. Ilikuwa imepiga hesabu.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Fundi atawajibu watu wa kampuni kwamba aja mwezi wa saba, shule zikifungwa, na aja na watu wake wote. Wasipoweza kungoja, wamtafute mwingine. Nyumba ya Katuba hatuiuzi, tutaipangisha. Watoto tumekwisha kuwaambia habari yote ya mwaka 1993, pamoja na neno lile baya. Ni afadhali walisikie kwetu kwanza, maana damu yao ni ya pande mbili na siku moja mtu atawauliza ni wa upande gani. Na mwalimu, kwa kutaka kwake mwenyewe, alimweleza Kaku habari ya kabati. Kaku aliuliza lilikuwa la nani. Alipoambiwa jina, alisema hamjui mtu huyo, akaendelea kuchambua sombe yake.

Yeye atakwenda nasi, ila ana sharti moja. Baba amelala hapa Lubumbashi tangu mwaka 2004, naye hataki kulala mbali naye. Alituuliza gari la kuleta maiti kutoka Kolwezi ni bei gani. Tulisema hatujui. Akasema tuulize, kwa maana mambo ya namna hiyo hupanda bei mtu akiyataka kwa haraka. Jumatatu tukauliza, tukalitwaa daftari lile lile, tukaiandika bei hiyo katika ukurasa wa kushoto, chini ya kodi ya nyumba.