Nyota ya Ulaya Yetu

Ulaya yetu, wasomaji, si ile ya ng'ambo. Ni kata iliyo njiani baina ya Kilosa na Mikumi. Juzi mgeni mmoja, mpiga falaki, alitutaka siku ya kuzaliwa kwa nchi hii apate kutueleza tabia yake. Tulikosa neno.

Siku tuliyoikuta vitabuni ni 27 Februari 1885, Kaisari wa Ujerumani alipotia sahihi hati ya kuiweka Usagara na jirani zake chini ya ulinzi wake, kwa mikataba aliyoikusanya Carl Peters mwaka 1884. Kwa siku hiyo nyota yetu ni Samaki: mtu wa maji, tena mpole. Mpole! Mto Mkondoa ulipofurika Kilosa mwishoni mwa 2009 na mwanzo wa 2010, uliivunja reli na kuwatoa maelfu ya watu majumbani mwao.

Nasi twauliza: je, mtoto huzaliwa siku aandikwapo na mgeni? Kwa desturi ya Wasagara mtoto ni wa ukoo wa mamaye. Basi tabia ya nchi na itafutwe kwa mama, yaani milima, mito na mashamba. Hata nyota tunazo, kilimia, ambazo wazee walizitazama kwa ajili ya jembe, si kwa kubashiri. Zikizama magharibi mwezi wa Mei, masika yamekwisha. Zikizuka mashariki jioni za Novemba, twangojea mvua.

Tukamjibu mgeni kwamba mama yetu hakuandika tarehe. Alicheka, akaomba maji ya kunywa.