Upweke wa Yoko katika Kitabu na katika Picha

Hadithi ya Falme Kumi na Mbili, ambayo Wajapani huiita Juni Kokuki, iliandikwa na Fuyumi Ono kwanza kwa ajili ya wasichana. Kitabu cha kwanza cha mfululizo huo kilitoka mwaka 1992, kwa juzuu mbili, katika jamii ya vitabu vidogo vya kampuni ya Kodansha, pamoja na michoro ya Akihiro Yamada. Vitabu vya namna hii siku hizi huitwa riwaya nyepesi. Jina hilo halimtendei haki Bibi Ono. Wepesi wa kitabu chake umo katika karatasi. Habari yake ni nzito, na yamkini ndiyo sababu watu wazima nao walikuja kuisoma. Miaka kumi baadaye, tangu 2002 hata 2003, studio ya Pierrot iliigeuza kuwa anime ya sehemu 45, ikaonyeshwa na shirika la utangazaji la NHK. Tangu hapo hadithi ina miili miwili, na wapenzi wake wana neno moja la kushindania kuliko mengine yote: ilifaa Yoko aende peke yake, au ilifaa apewe wenzake?

Yoko Nakajima ni mwanafunzi katika Japani, mtiifu kwa wazazi, mpole kwa walimu, asiyemkatalia mtu neno. Adabu yake ni mtoto wa woga. Siku moja anamtokea mgeni mwenye nywele ndefu za rangi ya dhahabu, jina lake Keiki, ambaye anamsujudia, anamwapia utii, kisha anamkabidhi upanga. Mazimwi yanawashambulia. Yoko anachukuliwa kupita katika kivuli cha mwezi juu ya bahari, na njiani anatengwa na wote waliomchukua. Anazinduka katika pwani ya ufalme wa Kou, ambako watu waliotupwa na bahari kutoka Japani huhesabiwa kuwa mkosi, hukamatwa na kuhukumiwa. Hajui kupigana, ni pepo aliyetiwa mwilini mwake na Keiki anayeviendesha viungo vyake wakati wa hatari.

Katika kitabu, tangu saa hiyo hana mtu. Mwanamke anayemkaribisha na kumlisha ana nia ya kumwuza danguroni. Mzee wa Kijapani aliyeletwa na bahari zamani anazungumza naye lugha ya nyumbani, kisha anamwibia mzigo wake. Upanga humwonyesha maono ya nchi aliyoiacha, na ndani ya maono hayo anawasikia wanafunzi na walimu wakimtaja. Hakuna hata mmoja miongoni mwao aliyemjua kweli, kwa kuwa yeye mwenyewe hakumpa mtu nafasi ya kumjua. Halafu yuko kima wa buluu, kichwa kitupu kisicho na kiwiliwili, anayekuja gizani kumwambia kwamba amedanganywa, kwamba hapana amngojaye, na kwamba kifo ni nafuu yake. Baadaye yadhihirika kuwa kima huyo ametoka katika ala ya upanga wa Yoko, na maneno yake yametoka katika moyo wa Yoko. Kikulacho ki nguoni mwako, wasema Waswahili. Bibi Ono ameitumia karibu juzuu nzima kuonyesha namna nguo hiyo inavyovaliwa.

Wako wasomaji walalamikao kwamba juzuu hiyo hujirudia. Hujirudia kweli. Njaa, mwendo, pigano, maono, kima. Kisha njaa tena. Lakini kurudia huko ndiko kunakomfundisha msomaji uchovu wa msichana, maana hasimuliwi tu kwamba siku zilikuwa nyingi, anazihesabu pamoja naye. Kitabu kinaweza kukaa kurasa kumi ndani ya kichwa cha mtu mmoja aliyelala chini ya mti, na pasitokee lolote ila wazo kugombana na wazo.

Televisheni haina uvumilivu huo. Msichana anayetembea kimya kwa sehemu nne au tano za mchezo ni mzigo kwa mtazamaji, na sauti ya mawazo yake ikisomwa juu ya picha kwa muda mrefu huwa kama hotuba. Mwandishi wa mchezo, Sho Aikawa, alitafuta dawa nyingine: alimpa Yoko wenzake wawili. Mmoja ni Yuka Sugimoto, msichana anayeonewa darasani, ambaye kitabuni hutokea kidogo tu mwanzoni, kisha huachwa Japani. Wa pili ni Ikuya Asano, kijana ambaye kitabuni hayumo kabisa. Wote wawili wanavushwa bahari.

Ni haki kukiri kwamba dawa hiyo ilikuwa na akili. Sugimoto amejaza kichwa chake hadithi za nchi za ajabu, na anaamini kuwa aliyeitwa ni yeye. Anapoona kwamba Yoko, asiyetaka kitu, ndiye aliyepigiwa magoti, wivu unamtia mikononi mwa mfalme wa Kou, naye anamgeuza kuwa silaha dhidi ya mwenzake. Hapa anime imefanya jambo ambalo wasomaji wengi hawakulitambua: imeweka ndani ya hadithi mtu wa aina ya watazamaji wake, mwenye njaa ya kuwa mteule, ikamwonyesha jinsi njaa hiyo inavyotisha. Tena iko faida ya lugha. Yoko anafahamu usemi wa nchi ile bila kujifunza, na hiyo ni dalili ya cheo chake kilichofichika. Kitabuni dalili hiyo inapita polepole, katika mazungumzo na yule mzee ambaye yeye hakuweza kuufahamu usemi huo. Katika picha Sugimoto na Asano wanasimama kando ya Yoko na hawasikii neno, na jambo linaonekana mara moja.

Hata hivyo gharama yake ni kubwa, na hulipwa mbele ya lango la mji mmoja. Kabla ya hapo Yoko ameokotwa mvuani, karibu na kufa, na Rakushun, kiumbe nusu mtu nusu mnyama, mwenye umbo la panya na elimu ya mwanachuoni. Rakushun anamwuguza, hamwulizi deni, na anaondoka naye kwenda ufalme wa En. Mbele ya lango la mji huo mazimwi yanashuka juu ya wasafiri. Rakushun anaanguka. Walinzi wanakuja, na Yoko anakimbia, amwache aliyemwokoa. Baada ya kukimbia linamjia wazo baya zaidi: arudi amwue, asije akamtaja. Kima anamhimiza. Ndipo Yoko anapotambua kwamba hiana ya wengine haimpi yeye ruhusa ya kuwa haini, na kwamba kumwamini Rakushun ni kazi yake mwenyewe, hata kama Rakushun asingestahili. Anampiga kima kwa upanga, na mahali pake inabaki ala.

Anime inalitunza tukio hilo, wala hailichezei. Lakini kitabuni Yoko amedanganywa na wageni wawili watatu, na shaka iliyobaki ameikuza mwenyewe. Kwa hiyo anapoishinda, amejishinda. Katika picha amekwisha kutupwa na watu wa darasa lake, waliokula na kusoma pamoja naye. Shaka yake imepata ushahidi, na mtazamaji anamsamehe mapema mno. Mwenye kuandika mchezo alitaka kuuonyesha upweke kwa kuuzungushia watu, na watu hao wakawa udhuru.

Mambo hugeuka katika sehemu ya tatu ya hadithi, iliyotoka kitabuni mwaka 1994. Yoko sasa ni mfalme wa Kei, asiyejua kutawala, na nyuma ya mgongo wake maofisa wake wanamdharau. Wasichana wengine wawili wanasafiri kumwelekea: Suzu, aliyetoka Japani ya zama za Meiji na kuteswa utumishini kwa miaka karibu mia, na Shokei, binti wa mfalme aliyeuawa kwa ukatili wake. Hapa picha iko nyumbani kwake. Huwahamisha watazamaji kutoka barabara hadi barabara, huwaonyesha watatu hao wakipishana bila kujuana, na muziki wa Kunihiko Ryo hubeba kile ambacho kurasa hulazimika kukieleza. Mwishoni Yoko anatoa amri yake ya kwanza, ya kukomesha desturi ya watu kusujudu hadi paji la uso liguse sakafu. Kitabuni ni amri nzuri. Katika picha ni safu za migongo iliyoinama, kisha kichwa kimoja, kisha kingine, vinavyoinuka kwa mashaka kumtazama mfalme usoni. Kukanusha kwamba picha imeshinda hapo ni ushabiki tu.

Lakini anime ilisimama kabla hadithi haijafika. Ilisimulia namna Taiki, kirin mdogo wa ufalme wa Tai, alivyomchagua mfalme wake. Kirin ndiye mnyama mtakatifu ambaye kwa desturi ya nchi zile hutambua mapenzi ya mbingu na hawezi kumsujudia asiye mfalme. Taiki akapotea, na habari ya kutafutwa kwake, iliyochapwa mwaka 2001, haikupata kuonyeshwa katika sehemu zile 45. Hata wasomaji walingoja. Kisa cha Tai kilipata mwendelezo wake katika riwaya ya juzuu nne iliyotolewa na kampuni ya Shinchosha mwaka 2019, miaka 18 baadaye.

Mtazamaji atakaye kuujua mwisho huo hana budi kuingia vitabuni, na atafanya vyema kuanza na juzuu ya 1992 ingawa anadhani ameijua. Atamtafuta Sugimoto ufukweni, kando ya Yoko, asimwone. Atakuta mchanga, maji ya bahari, na msichana mmoja mwenye upanga mkononi, anayeita jina la Keiki na haitikiwi.